Posta, Shilatembo, Likasi, Ndola ao Bunkeya: fasi gani ya vita vya zamani inafaa familia kutoka Lubumbashi, kwenda na kurudi siku moja

Likizo ikikaribia tu swali linarudi mu nyumba: tutoke na watoto asubuhi turudi jioni, lakini wapi? Pisini ya kuogelea wameizoea, na mama yao anasema safari hii iwe fasi watatoka na kitu mu kichwa. Sawa, sisi wa Katanga historia ya vita hatujakosa, tunaikanyaga kila siku. Shida yetu ni nyingine: hapa kwetu uwanja wa vita haujazungushiwa ukuta ukawekewa geti na mtu wa kuongoza wageni na duka la kuuza kofia. Shemeki yangu yuko Ubelgiji, alitutumia foto za Waterloo, kuna kilima kilichojengwa na watu, juu kumewekwa simba, unapanda ngazi 226, chini kuna muzeo, vyoo, friti, kila kitu kimepangwa. Vya kwetu ni daraja unalopita na gari bila kujua, ni posta ya mu mji, ni pori pembeni ya barabara ya Likasi. Kwa hiyo siwezi kukuambia fasi fulani ni nzuri kuliko zote, naweza kukuambia fasi gani kwa mtoto wa umri gani, na gari gani, na mfuko gani.

Mwenye haraka asome hapa tu: watoto mpaka miaka nane, baki mu mji, Posta na Tunnel na muzeo. Miaka tisa mpaka kumi na mbili, Shilatembo. Vijana wa sekondari, Likasi, na siku hiyohiyo unaweza kuongeza Shilatembo wakati wa kurudi. Ndola ni kwa wenye pasipoti na uvumilivu wa mpaka. Bunkeya usiiweke mu siku moja, hata mtu akikuambia barabara iko muzuri.

Sasa kwa wenye muda.

Kitu cha kwanza cha kujua ni kwamba fasi nne kati ya hizi tano ni hadithi moja tu iliyokatwa vipande. Tarehe 11 Julai 1960, hata wiki mbili hazijaisha tangu uhuru wa 30 Juni, Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, anatangaza Katanga imejitenga na Kongo. Januari 1963 mambo yamekwisha, Umoja wa Mataifa umeingia na askari wake na Katanga imerudi. Mu katikati hapo njo kuna kila kitu: Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, kuuawa mu Januari 1961, askari wa Umoja wa Mataifa kupigana mu mji wa Elisabethville (njo Lubumbashi ya leo) na kuzingirwa Jadotville (njo Likasi ya leo) mu Septemba 1961, Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, kuanguka na ndege wiki hiyohiyo, alafu mapigano tena mu Disemba. Ukipeleka watoto fasi moja wataanza kuuliza juu ya nyingine, jiandae, manake hawatakubali jibu la "utaelewa ukikua".

Kuhusu mji wenyewe. Watu wanadharau hii kwa sababu hakuna safari, unapanda taksibisi tu na umefika, lakini kwa watoto wadogo mi naona njo bora. Simama Place Moïse Tshombe mbele ya Posta, pale sanamu yake iko. Tarehe 13 Septemba 1961 alfajiri askari wa Kihindi wa Umoja wa Mataifa walikuja kuchukua Posta hiyo pamoja na radio, na mapigano yakawa pale pale fasi leo watu wanauza simu na kubadilisha dola. Mtoto akiambiwa askari walipigania posta anashangaa, mbona posta? Hapo unamueleza kwamba mwenye posta alikuwa na simu, na mwenye radio alikuwa na sauti ya mji mzima. Mtoto wa miaka saba anaelewa hiyo haraka kuliko sisi, siku hizi kila mtu anajua kukatwa intaneti ni nini.

Toka pale nenda Tunnel, fasi barabara inapita chini ya reli. Hiyo Wairlandi waliichukua tarehe 16 Disemba 1961, wakapoteza watu pale. Siku chache kabla ya hapo, tarehe 5, kapteni mmoja Mhindi, Gurbachan Singh Salaria, alikufa mu mji huu huu akipigania kizuizi cha barabara, na nchi yake ikampa medali yao ya juu kabisa ya vita. Sisi tunapita pale kila siku na mifuko ya unga. Watoto wadogo hayo majina hawatayashika na hakuna shida, wao wanapiga kelele mu Tunnel wasikie sauti inarudi, magari yanapiga honi, na wewe unamshika mkono mdogo juu madereva wetu munawajua.

Malizia ku Muzeo ya Lubumbashi, iliyoanzishwa 1946. Pale kuna misalaba ya shaba, ile midogo ambayo kambo zetu walikuwa wananunulia vitu na kutolea mahari, na ukimuonyesha mtoto bendera ya Katanga ya Tshombe mu simu ataiona mitatu imechorwa pale pale. Gharama ya siku nzima ni taksi, kiingilio, na mikate. Ubaya wake ni mmoja na ni mkubwa: hakuna kutoka. Kijana wa miaka kumi na tano ukimpeleka Posta atakuambia "Papa, apa si njo fasi tunanunuliaka unité ya simu?" na mchana utakuwa umeharibika.

Shilatembo sasa, hapa nitakaa kidogo.

Ni kama kilomita 50 kutoka mjini, barabara ya Likasi. Ukitoka mapema kabla malori ya madini hayajajaa unafika bado watoto hawajaanza kuuliza "tunafika saa ngapi". Na niseme wazi, Shilatembo si uwanja wa vita. Hakuna aliyepigana pale. Watu watatu waliletwa usiku wa 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito, wakapigwa risasi mmoja mmoja mbele ya mti, viongozi wa Katanga wako pale na maofisa wa Kibelgiji pia wako pale. Mchana wa siku hiyo walikuwa wametua Luano na ndege, wamepigwa njia yote, wakapelekwa kwanza mu nyumba ya Mbelgiji mmoja, Brouwez, alafu pori. Wananchi waliambiwa tu tarehe 13 Februari, na waliambiwa uongo, eti wametoroka na wanakijiji wamewaua. Aliyetangaza ni Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga. Shika hilo jina, tutalikuta tena Bunkeya.

Leo pale kuna sanamu na fasi ya ukumbusho, na kuna utulivu ambao mu Lubumbashi huupati. Kwa mtoto hiyo ni kitu. Anatembea, anaangalia juu, anasoma majina matatu. Hahitaji kukaa saa nyingi, na hapo njo uzuri wa Shilatembo kuliko Likasi: kuna kitu cha kuangalia na macho na kuna hadithi yenye mwanzo na mwisho, usiku mmoja, watu watatu. Hata mzazi asiyependa kusoma anaweza kuisimulia.

Ugumu ni kwamba hadithi yenyewe ni mbaya. Baada ya kuuawa miili ilifukuliwa, ikaharibiwa na asidi, na polisi mmoja wa Kibelgiji, Gérard Soete, akabaki na jino. Hilo jino Ubelgiji ililirudisha Juni 2022, likazungushwa, likapita na pale Shilatembo, alafu likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Watoto wengi waliona ile sanduku ku televizyo, kwa hiyo usidhani utaficha. Nilisikia mtoto mmoja pale anamuuliza baba yake, "Papa, balizika paka jino? Ile ingine yote iko wapi?" na yule baba akaangalia chini akajibu, "Ile ingine balipoteza, mwana. Njo maana tunakuyaka apa." Kusema kweli sijasikia jibu zuri kuliko hilo. Hakumwambia asidi, hakumdanganya pia. Mwenye miaka sita usimpeleke, au mpeleke acheze na majani wakati wakubwa wanaongea. Mwenye miaka kumi mwambie ukweli wa kuuawa, ya asidi ngojea mpaka aulize mwenyewe.

Tarehe ya kwenda: wengine wanapenda 17 Januari kwa sababu ni siku ya kupumzika kitaifa. Mi siwashauri na watoto. Kuna wakubwa, protokole, hotuba, na Januari kwetu ni mvua kabisa. Chagua Jumamosi yoyote ya Mei ao Agosti. Beba maji, beba chakula, beba karatasi ya choo, usitegemee kununua pale.

Likasi.

Barabara ni ile ile, endelea tu mpaka kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi. Peaji, ile ushuru wa barabara, utalipa, rulaji, polisi wa barabarani, watakusimamisha, malori yatakulisha vumbi. Lakini njiani kuna kipande cha hadithi ambacho watu wengi wanakipita wamelala: daraja la Lufira. Septemba 1961 mji wa Likasi ulikuwa unaitwa Jadotville, na kulikuwa kikosi cha Wairlandi wa Umoja wa Mataifa, watu 150 na kidogo, chini ya komanda Pat Quinlan. Walitumwa kulinda watu waliosema wako hatarini, walipofika wakaona wenyeji hawana haja nao kabisa. Quinlan alinusa kitu akawaamuru wachimbe mahandaki. Tarehe 13 asubuhi, wengi wako mu misa, wakashambuliwa na askari wa Katanga pamoja na mamluki wazungu, na Katanga ilikuwa na ndege moja ya vita, Fouga Magister, ambayo Umoja wa Mataifa hawakuwa na ya kujibu. Wenzao wakatoka Elisabethville kuwaokoa, mara mbili, na mara mbili wakazuiliwa pale pale Lufira, daraja hawakulivuka. Kwa hiyo ukivuka na gari yako mwambie kijana wako: hapa njo msaada ulikwama. Mwambie tu, usisimame kupiga foto, madaraja na posti za polisi kwetu si vitu vya kuelekezea kamera na utapoteza saa nzima unajieleza.

Walishikilia mpaka tarehe 17. Sehemu ambayo vijana wanaipenda ni ya maji. Maji yakaisha, jua la Septemba munalijua, helikopta ikafaulu kutua na majerikani, wakafungua, kumbe majerikani yalikuwa yamewekwa petroli zamani, maji hayanyweki. Risasi zikaisha pia, wakasalimu amri. Wairlandi hakufa hata mmoja, watano wakaumia, wakafungwa kama mwezi moja alafu wakaachiwa. Na kwao Ireland wakapokelewa kama watu wa aibu, juu walisalimu amri, ikachukua miaka zaidi ya arobaini kabla nchi yao haijaanza kuwaheshimu, Quinlan amekufa 1997 bila kuona hiyo.

Hadithi tamu sana, sivyo? Hapo njo hatari yake, na hapa mi nina maneno. Kijana wako atatoka Likasi anashangilia Wairlandi wasiokufa hata mmoja. Muulize basi: waliokufa walikuwa nani? Upande wa Katanga walikufa wengi, namba watu bado wanabishana, wengine wanasema mpaka mia tatu, na hao walikuwa vijana wa hapa, kambo zetu, wengine walitoka vijiji ambavyo tumevipita na gari asubuhi. Wale wa Ireland majina yao yote yameandikwa na kusomwa, medali zimetolewa. Hawa wa kwetu huwasikii. Ukienda Likasi na usiseme hili, afadhali ungebaki nyumbani uangalie filamu. Na ukisema, basi Likasi inakuwa somo kubwa kuliko Shilatembo, juu Shilatembo kila mtu anajua wa kumlilia, Likasi lazima mtoto afikiri mwenyewe.

Lakini macho yataona nini? Karibu hakuna. Wairlandi walikuwa wamekaa pembeni ya mji, upande unaoingia ukitoka Lubumbashi, kwenye manyumba na garaji ya mafuta pembeni ya barabara. Leo ni barabara, nyumba, maduka, watu na kazi zao. Usitegemee bango. Njo maana nasema Likasi bila mzee ni sifuri. Ukiwa na mjomba ao kambo wa Likasi, ao rafiki ambaye baba yake alifanya kazi pale kwenye kampuni ya migodi Gécamines, mpigie simu wiki moja kabla, mpelekee sukari na sabuni kama heshima, mpe kiti kivulini na muache aseme. Wazee wa Likasi wanaongea muzuri. Wanaanza na "mwanangu, ile wakati tulikuwa tungali batoto, ndege ilikuwa inapita yulu ya nyumba" na vijana wanaacha simu bila kuambiwa. Kama hauna mzee, chora ramani na watoto nyumbani: mji, barabara, Lufira, Elisabethville, na ukifika pale uwaache wabishane wenyewe mahandaki yalichimbwa wapi. Watabishana nusu saa, na hiyo nusu saa ni bora kuliko muongozaji aliyekariri.

Chakula Likasi hakuna shida, malewa, vile vihoteli vidogo vya chakula, ziko, bukari (ugali) na samaki utapata moto moto. Vijana watataka pia kwenda Shinkolobwe wakisikia kwamba uranium ya bomu la Hiroshima ilitoka kwenye mgodi huo ulio karibu na Likasi. Jibu ni hapana. Mgodi umefungwa, ni fasi ya hatari na kuingia imekatazwa, hadithi mpe mu gari inatosha.

Ukiweka Shilatembo na Likasi sambamba basi, mi naona hivi. Barabara ni moja, kwa hiyo mafuta ya Likasi ni zaidi ya mara mbili ya Shilatembo na uchovu pia. Shilatembo kuna cha kuona na cha kusimulia ni kifupi, Likasi cha kuona ni kidogo na cha kusimulia hakiishi. Shilatembo unaweza kwenda hata bila mpango, umeamka Jumamosi ukaamua. Likasi lazima upange, mzee, chakula, saa za kurudi. Mama mwenye mtoto wa kunyonyesha aende Shilatembo. Baba mwenye watoto watatu wa sekondari wanaojibu "mm" kila wakiulizwa kitu aende Likasi. Zote mbili siku moja inawezekana kwa vijana: toka saa kumi na mbili asubuhi, nyoosha Likasi kwanza, kula mapema, alafu simama Shilatembo wakati wa kurudi. Usigeuze. Ukianza na Shilatembo wote mnaingia mu huzuni na Likasi hakuna atakayesikiliza. Na uwe umeingia Lubumbashi kabla giza, barabara ile usiku na yale malori mimi na familia hapana.

Ndola. Kwa wanaopenda fasi iliyopangwa vizuri, yenye usafi na muzeo ndogo na jiwe la kumbukumbu na bustani, hii njo inakaribia ile picha ya Waterloo kuliko zote, na iko nchi ya wengine. Usiku wa 17 kuamkia 18 Septemba 1961, wakati kule Jadotville Wairlandi wamesalimu amri, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa Dag Hammarskjöld alikuwa anatoka Léopoldville (Kinshasa ya leo) kuja kukutana na Tshombe wasimamishe vita, ndege yake DC-6 ikaanguka mu pori karibu na Ndola. Walikuwa watu 16 ndani, aliyeokotwa mzima ni mmoja na yeye pia alikufa siku chache baadaye. Mpaka leo Umoja wa Mataifa unachunguza kama ni ajali ao kuna mkono wa mtu, na anayeongoza uchunguzi miaka hii ni jaji Mtanzania, Mohamed Chande Othman, aliyekuwa jaji mkuu wa Tanzania. Mtoto anayependa hadithi za upelelezi hapa umempata.

Shida ni Kasumbalesa, mpaka wa Kongo na Zambia. Unaufikia kama kilomita 90 kutoka mjini, alafu Chililabombwe, Chingola, Kitwe, na ukumbusho wenyewe uko pembeni ya barabara ya Kitwe kwenda Ndola, kwa hiyo mji wa Ndola hauna haja kuufikia. Barabara za Zambia nzuri. Lakini karatasi za watoto, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, karatasi za gari, na kila dirisha na foleni yake. Kama mzazi mmoja tu anasafiri na watoto, tafuta barua ya mwingine mapema. Siku mpaka ukiwa mwepesi inawezekana kwenda na kurudi, siku ukiwa mzito unalala Chingola na watoto wanalia. Mi Ndola ningeiweka kwa familia ambayo tayari inaenda Zambia kufanya manunuzi ao kusalimia ndugu, wasimame pale saa mbili. Kutoka Lubumbashi kwa ajili yake tu, na watoto wadogo, ni kujitesa.

Bunkeya naipenda sana na siwezi kuipendekeza. Iko Lualaba, unapita Likasi na kuacha lami. Ni mji wa Msiri, mfanyabiashara aliyetoka kwa Wanyamwezi akajenga ufalme wa Wayeke juu ya shaba na pembe na watumwa pia, tusifiche. Tarehe 20 Disemba 1891 msafara wa kapteni Stairs, uliotumwa na mfalme Leopold wa Ubelgiji, ulikuwa pale kumlazimisha akubali bendera, akakataa, ofisa wa Kibelgiji Bodson akampiga risasi, na Bodson mwenyewe akauawa pale pale. Ufalme ungali, mwami (mfalme wao) yuko, na kila 20 Disemba wanakumbuka. Na yule Godefroid Munongo wa Shilatembo? Ni wa ukoo wa Msiri, na baadaye akawa mwami mwenyewe, mpaka alipokufa 1992. Hapo kijana anaona kwamba mtu aliyetangaza uongo juu ya kifo cha Lumumba babu yake aliuawa na wazungu wa Leopold, na hawezi tena kupanga watu mu wema na wabaya kirahisi. Lakini ni mbali, Disemba ni mvua na matope, na mtu haingii kwa mwami kama anaingia dukani, kuna kusalimia na kungojea. Siku mbili ao tatu, gari ya juu, na mtu wa kukutambulisha.

Wengine wataniuliza Kolwezi je, ile vita ya Mei 1978, wale wanajeshi wa zamani wa Katanga walioingia kutoka Angola na wanajeshi wa parashuti wa Ufaransa walioruka tarehe 19: ni zaidi ya kilomita 300, na mamia ya waliokufa wengine jamaa zao wako hai na wanakumbuka sura zao. Si safari ya kubeba keki.

Kuhusu majira, kwa zote za barabara ya Likasi chagua Mei mpaka Septemba, Juni na Julai asubuhi ni baridi kweli beba masweta. Mu mvua kuna faida moja, uyoga unauzwa pembeni ya barabara, wakubwa kama sahani, na mama atataka kusimama kila kilomita, weka hiyo mu hesabu ya saa. Kikanda, ile chakula cha kukata kata, nunua mjini kabla ya kutoka, watoto wanakula mu gari bila kuchafua viti, munkoyo, ile kinywaji, uache juu unamwagika. Na makuta ya peaji badilisha mapema uwe na ndogo ndogo, manake "hakuna chenji" utaisikia kwenda na kurudi.